Oili ya Giaboksi Ikipungua, Imevuja

Ndugu mkulima, leo tunazungumza nawe wa Iyula, na nanyi nyote wa Mbozi, mnaolima kwa trekta, liwe la kwako, la chama au la kukodi. Mvua za huko kwenu huanza mwezi wa Novemba. Zikishaanza, kila mtu anataka trekta siku ileile. Trekta likifa giaboksi wiki hiyo, shamba la mahindi litasubiri, lakini mvua hazitasubiri. Kwa hiyo mwezi wa Oktoba, kabla ya kufunga plau, pima oili ya giaboksi.

Wengi hupima oili ya injini kila asubuhi, lakini ya giaboksi huisahau. Wanasema, "Ile haiishi." Ni kweli, haiishi kama ya injini. Oili ya injini huungua kidogo kidogo. Ya giaboksi haina moto wa kuiunguza. Kazi yake ni kulainisha meno ya gia na beringi na kuondoa joto la msuguano. Sasa basi, kama haiungui, ikipungua imekwenda wapi? Imevuja! Kuongeza tu bila kutafuta inapovujia ni kutia maji kwenye pakacha.

Jinsi ya kupima

Kwanza, simamisha trekta mahali tambarare. Likiinama, kipimo kinadanganya. Zima injini, toa ufunguo, vuta breki ya mkono na weka jiwe kwenye gurudumu.

Pili, shusha plau mpaka chini. Kama una tela la kupindua, lishushe pia. Katika Massey Ferguson 135 na nyingine nyingi, oili ya giaboksi, ya difu na ya haidroliki ni moja. Tela likiwa juu, limeazima oili.

Tatu, ngoja oili itulie. Futa vumbi kando ya kijiti cha kupimia, kichomoe, kifute kwa kitambaa safi, kirudishe, kisha kichomoe tena. Oili iwe kati ya alama mbili, isipite ya juu.

Pikapu nyingi za gia za mkono hazina kijiti. Zina nati ubavuni mwa giaboksi. Ifungue gari likiwa limepoa, ingiza kidole. Oili iguse mdomo wa chini wa tundu. Usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake.

Angalia rangi pia. Ikiwa kama chai ya maziwa, maji yameingia, pengine wakati wa kuvuka mto au kwa mvua kupitia mfuniko wa gia uliochanika. Imwage yote. Ukikuta vipande vya chuma, usilitie trekta shambani. Mwite fundi kwanza.

Inavujia wapi?

Tazama chini ya trekta lililolala usiku mzima. Oili ikidondoka kati ya injini na giaboksi, sili inaweza kuwa imekwisha, na oili huingia kwenye klachi, ikaanza kuteleza. Ikitokea upande wa gurudumu la nyuma, hapo pana hatari kubwa zaidi. Katika trekta za zamani zenye breki kavu, oili hulowanisha breki. Umepakia tela la kahawa, unateremka mlima, unakanyaga breki, trekta halishiki. Sili ni kitu kidogo, uhai wa dereva si kitu kidogo.

Oili ipi?

Tumia ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha trekta. Trekta nyingi za siku hizi zina breki ndani ya oili hiyohiyo, na oili nzito ya gia haizifai. Na ile oili chakavu iliyomwagwa kutoka kwenye injini? Hapana! Ina masizi na unga wa chuma, nayo itakula gia na pampu ya haidroliki. Ni kweli oili mpya ni ghali, maana ndoo moja ya lita 20 haijazi trekta la namna hiyo. Lakini giaboksi nzima ni ghali zaidi. Hivyo wanaochanga trekta wachange na oili kabla ya msimu.

Oili uliyoimwaga, usiitupe mtoni. Maji hayo ndiyo mnayooshea kahawa na kunywesha ng'ombe. Iweke kwenye dumu, ifunike, umpe fundi anayezikusanya.

Mwisho, weka daftari. Andika siku uliyopima, kiasi ulichoongeza, na ekari zilizolimwa. Ukiona umeongeza mara mbili katika mwezi mmoja, usinunue oili ya tatu. Nunua sili.