Dhamana: Nani Mwenye Kauli?

Sehemu ya tatu

Baada ya kuzungumzia kukamatwa na kuhojiwa polisi, leo tunaingia mahakamani. Aliyewahi kukaa kwenye mabenchi ya Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu ameyasikia maneno haya. Mshtakiwa anasomewa mashtaka, kisha anaambiwa hatakiwi kujibu lolote kwa kuwa mahakama hiyo haina mamlaka ya kusikiliza shauri lake. Wakili wa Serikali anasimama na kueleza kuwa upelelezi haujakamilika, anaomba tarehe nyingine ya kutajwa. Shauri linaahirishwa, karandinga linarudi Segerea au Keko, na tarehe hiyo ikifika yanasemwa yale yale. Wapo waliorudia safari hiyo kwa miaka.

Kazi ya dhamana ni moja: kuhakikisha mtu aliyeshtakiwa anafika mahakamani siku anayotakiwa, na asiharibu kesi kabla ya siku hiyo. Kwa hiyo maswali ya kuuliza yanamhusu mtu mwenyewe. Je, atatoroka? Atawatisha mashahidi? Ana makazi yanayojulikana, ana familia, ana wadhamini wenye barua za serikali ya mtaa? Anayepaswa kuyauliza na kupima majibu ni hakimu au jaji. Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba yetu inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye kosa kabla hatia yake haijathibitishwa, na dhamana ndiyo mahali pa kwanza ambapo ahadi hiyo inajaribiwa.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, katika kifungu ambacho wanasheria na mahabusu kwa pamoja wamekizoea kama 148(5), inaorodhesha makosa ambayo maswali hayo hayaulizwi kabisa. Humo kuna mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha, ugaidi, usafirishaji haramu wa binadamu, biashara ya dawa za kulevya na utakatishaji fedha. Shtaka likiwa kwenye orodha, hakimu hana la kupima. Hata akiona mbele yake mzee mgonjwa asiyeweza kutoroka hadi kituo cha basi, atamrudisha rumande.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji atulie nami kidogo. Watu wengi wanadhani aliyemnyima mtu dhamana ni mahakama, au ni Bunge lililotunga sheria. Kwa matokeo yake, uamuzi ule umekwisha kufanyika mapema, ofisini, na yule aliyeandaa hati ya mashtaka. Chukua utakatishaji fedha. Kosa hili hujengwa juu ya kosa jingine: mtu anapata fedha kwa wizi, rushwa au kukwepa kodi, kisha anaificha asili yake kwa kuipitisha benki au kununulia kiwanja. Ni kosa halisi na ni hatari kwa uchumi. Lakini karibu kila kosa la fedha lina fedha iliyokwenda mahali fulani, na kwa hiyo ni rahisi kuongeza shtaka hilo mwishoni mwa hati. Mtu anayedaiwa kukwepa kodi anaweza kupata dhamana. Mtu yule yule, kwa fedha zile zile, akiongezewa aya ya utakatishaji, hawezi.

Mwandishi wa habari Erick Kabendera alikamatwa Julai 2019, akashtakiwa kwa makosa ya uhujumu uchumi yakiwamo ukwepaji kodi na utakatishaji fedha. Akiwa rumande mama yake alifariki, na ombi la kwenda kuuaga mwili halikukubaliwa. Alitoka Februari 2020 baada ya kukiri kwa makubaliano na upande wa mashtaka. Masheikh wa Uamsho, walioshtakiwa kwa ugaidi, walikaa ndani kwa takriban miaka minane mpaka Mkurugenzi wa Mashtaka alipoyafuta mashtaka Juni 2021. Mfanyabiashara James Rugemalira aliingia rumande Juni 2017, naye akaachiwa Septemba 2021 baada ya mashtaka dhidi yake kufutwa. Sisemi nani kati yao alikuwa na kosa na nani hakuwa nalo. Ninachosema ni kwamba katika kesi hizi mbili za mwisho hatukupata hukumu ya kutuambia, na miaka ile imekwenda.

Mahakama zetu zimelitazama jambo hili zaidi ya mara moja. Katika kesi ya Daudi Pete, iliyofika Mahakama ya Rufani mwaka 1991 baada ya Jaji James Mwalusanya kuiamua Mahakama Kuu, sehemu ya kifungu hicho ilibatilishwa kwa kuwa ilikuwa pana mno na haikuweka utaratibu wa kumlinda mshtakiwa. Mwaka 2018, katika shauri la Jeremia Mtobesya, Mahakama ya Rufani ilikubali kuondolewa kwa kifungu cha 148(4), kilichomwezesha Mkurugenzi wa Mashtaka kuzuia dhamana kwa hati tu. Ulikuwa ushindi mkubwa. Kisha Mei 2020, katika shauri la Dickson Sanga, Mahakama Kuu ilitamka kuwa 148(5) nacho kinakwenda kinyume na Katiba, ikaipa Serikali miezi 18 kurekebisha. Agosti mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ikautengua uamuzi huo, ikisema Katiba yenyewe inaruhusu uhuru wa mtu kupunguzwa kwa utaratibu wa sheria.

Naiheshimu hukumu ile, lakini naona imeacha swali moja kubwa. Kama hati ya Mkurugenzi wa Mashtaka haiwezi kumfunga mikono hakimu, kwa nini uchaguzi wake wa shtaka uweze? Mwaka 2022 Bunge lilijaribu kupunguza maumivu kwa kutaka kesi zisifikishwe mahakamani kabla upelelezi haujakamilika. Makosa makubwa yakaachwa nje ya sharti hilo, nayo ndiyo hasa yasiyo na dhamana.

Tusidhani ugumu huu ni wetu peke yetu. Arusha tuliushuhudia kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai kwa Rwanda. Jean-Bosco Barayagwiza, mmoja wa waasisi wa redio RTLM, alikuwa ameshikiliwa Kameruni kwa muda mrefu, akacheleweshwa tena kufikishwa mbele ya jaji. Novemba 1999 majaji wa rufaa waliamuru aachiwe na mashtaka yafutwe, kwa sababu haki zake zilikuwa zimekiukwa. Serikali ya Rwanda ikasitisha ushirikiano. Machi 2000 majaji wakabadili uamuzi: atashtakiwa, ila akitiwa hatiani adhabu itapunguzwa. Mwaka 2003 akahukumiwa miaka 35 badala ya maisha. Wengi walikasirika, na uchungu wa manusura naufahamu. Hata hivyo mtu aliyeshtakiwa kwa mauaji ya kimbari alipata majaji waliouliza kwa nini amekaa muda wote huo.

Jirani zetu Kenya wamekwenda mbali zaidi. Ibara ya 49(1)(h) ya Katiba yao ya 2010 inampa kila aliyekamatwa haki ya dhamana kwa masharti ya kiasi, isipokuwa pawe na sababu nzito za kumnyima. Hata mshtakiwa wa mauaji anaweza kuomba, na anayekataliwa anajua sababu, anaweza kuipinga.

Kwa hiyo ombi langu kwa Bunge ni fupi kuliko linavyoonekana. Orodha ya makosa mazito na ibaki, mzigo wa kushawishi uwe hata mkubwa zaidi kwa mshtakiwa wa ugaidi kuliko wa wizi wa kuku, lakini hakimu aruhusiwe kuuliza. Na akikataa, arejee uamuzi wake kila baada ya muda maalumu, kama majaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC) kule The Hague wanavyotakiwa kufanya kila baada ya siku 120 mtuhumiwa akisubiri kesi.

Juma lijalo tutaangalia makubaliano ya kukiri kosa, yaliyoingizwa katika sheria zetu mwaka 2019. Nitaanza na mtu aliyekaa rumande miaka miwili bila kesi kusikilizwa, anayewekewa mbele yake karatasi ya kusaini ili arudi nyumbani.