Unga magerezani: upekuzi peke yake hautoshi

Kumfunga teja si kumtibu. Ndivyo ilivyodhihirika katika gereza la Shimo la Tewa, kaskazini ya mji wa Mombasa, ambako kliniki ya methadoni ilifunguliwa ndani ya kuta za gereza lenyewe.

Tanzania ilianza kutoa methadoni katika hospitali ya Muhimbili mwaka 2011, na Kenya ikafuata mwishoni mwa 2014 katika hospitali ya Mathari, Nairobi. Mgonjwa hunywa dozi yake kila siku mbele ya muuguzi, na arosto haimpati. Tatizo ni pale anapokamatwa, hata kama ni kwa wizi wa kuku. Pasipo na kliniki gerezani, dawa hukatika. Mwili humuuma, tumbo humwendesha, usingizi haupati, na hapo atanunua unga kwa bei yoyote. Penye mnunuzi wa namna hiyo, muuzaji hakosi. Unga hupenya ndani ya chakula cha wageni, na kwa mahabusu wanaorudi kutoka mahakamani, na wakati mwingine, ingawa wakubwa hawapendi kulisikia hili, mkononi mwa askari mwenyewe. Sindano ni chache, hivyo moja hutumiwa na wengi, na pamoja nayo virusi vya UKIMWI na homa ya ini.

Hatari kubwa zaidi iko siku ya kutoka. Mwili ulioachishwa hauwezi tena kuhimili kipimo cha zamani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 kuhusu wafungwa walioachiwa katika jimbo la Washington, Marekani, ulionyesha kuwa katika wiki mbili za kwanza uwezekano wao wa kufa kwa kuzidisha dawa ulikuwa mara 129 ya ule wa wakazi wengine.

Kwa wasomaji wetu wa Manah na Nizwa, wengi wao wakiwa na jamaa Mombasa na Unguja, haya si mambo ya mbali. Gereza kuu la Samail liko katika mkoa wao huohuo wa Dakhiliya. Sheria ya Oman ya mwaka 1999 iliweka kifungu kinachomkinga na mashtaka mtumiaji anayejipeleka mwenyewe kutibiwa. Lakini familia, kwa kuogopa aibu, humficha kijana chumbani mpaka polisi wagonge mlango, na akishakamatwa, kinga hiyo haimfai tena.