Moyo ukisita, mgonjwa asikizwe

Mwalimu wangu wa shule ya msingi, mzee wa miaka sabini na ushei, alizirai mara tatu katika msimu mmoja. Mara ya tatu aliangukia jikoni akavunjika mkono. Kwenye zahanati alikuwa amemweleza mhudumu waziwazi: "Moyo wangu husita, kisha hukumbuka." Katika kadi yake pakaandikwa neno moja tu: kizunguzungu. Akapewa vidonge vya kuongeza damu.

Mimi ni mwanaisimu, si tabibu, na wenye uwanja wao wanisamehe. Hata hivyo, nathubutu kusema kwamba kitenzi kile, kusita, kilikuwa nusu ya utambuzi.

Juu ya chumba cha kulia cha moyo mna kijifundo kinachotoa amri ya mapigo. Arthur Keith na Martin Flack walikieleza mwaka 1907 huko Uingereza. Kwa mtu mzima aliyetulia, amri hizo aghalabu ni 60 hadi 100 kwa dakika. Kijifundo kikichakaa, hasa kwa umri, amri hukawia au hukatika kwa sekunde kadhaa. Ubongo hukosa damu, mtu akaanguka. Kuna ambao moyo hukimbia mbio kwanza, kisha ndipo hunyamaza.

Taabu ni kuwa kasoro hii huja na kuondoka. Kipimo cha umeme wa moyo huchukua sekunde chache tu, na chaweza kutoka safi kabisa. Ndipo mgonjwa huvishwa kinasa mapigo kwa saa 24 au zaidi, naye huandika kila ahisicho na saa yake. Daktari hulinganisha maandishi hayo na mistari ya mashine. Bila maneno ya mgonjwa, mistari ni bubu! Yafaa pia aulizwe dawa anazomeza, maadamu baadhi ya dawa za shinikizo la damu hupunguza kasi ya moyo, na huenda kuzibadilisha kukatosha.

Isipotosha, hupachikwa kifaa cha kuchochea mapigo chini ya ngozi, karibu na mtulinga, na waya wake hupitishwa mshipani hadi moyoni. Arne Larsson wa Uswidi alikuwa wa kwanza kupandikizwa kifaa kama hicho, mwaka 1958. Kile cha kwanza kilidumu saa chache. Akabadilishiwa vingine vingi, akaishi hadi 2001.

Mwalimu wangu alikipata chake baada ya miezi minne ya kuzungushwa. Nilipomtembelea nikamwambia nafurahi kuwa moyo wake sasa unafanya kazi. Akanisahihisha papo hapo, kama zamani: "Unapiga."