Kununua Cherehani ya Ngozi Iliyokwisha Tumika



Twasoma katika Matendo ya Mitume, sura ya 18, ya kuwa Mtume Paulo alipofika Korintho alikaa kwa Akila na mkewe Priskila, akafanya kazi pamoja nao, kwa kuwa wote walikuwa mafundi wa mahema. Basi kazi ya kushona ngozi na turubai si kazi ya kudharauliwa katika nyumba ya Mkristo.

Vijana wetu wengi hutamani kazi hii, wapate kushona viatu, mikoba ya shule, mikanda na maturubai ya magari. Lakini cherehani mpya ya kazi hiyo ni ya bei kubwa, kwa hiyo wengi hutafuta iliyokwisha tumika. Kufanya hivyo si vibaya. Ila fedha itolewayo mara nyingi ni akiba ya nyumba nzima, nayo ikipotea, mnunuzi haumii peke yake.

Kijana mmoja wa usharika wetu aliweka akiba miaka miwili, na mama yake akauza mtamba ili kuikamilisha. Akaenda mjini, akaonyeshwa cherehani nyeusi, rangi yake yang'aa na maandishi ya dhahabu. Muuzaji akachukua kipande cha ngozi laini ya mbuzi, akashona, na mshono ukatoka mzuri. Kijana akalipa. Alipofika nyumbani akajaribu kushona mkanda wa ngozi ya ng'ombe juu ya turubai lililokunjwa. Sindano ikaruka mishono, na uzi ukakatika. Fundi akaifungua, akakuta meno ya gurudumu la ndani yamelika. Muuzaji alipoulizwa alijibu, "Si uliiona ikishona?" Leo kijana yule anashona kwa maharazi na uzi wa mkono, na nyumbani kwao maziwa hununuliwa.

Kwa ajili hiyo twaandika maneno haya.

Jambo la kwanza, ijue kazi yako kabla ya kuitafuta mashine. Cherehani ya nyumbani huvuta kitambaa kwa meno yaliyo chini tu. Ukiweka ngozi nene au turubai mara tatu, tabaka la chini huenda mbele na la juu husalia nyuma. Mashine za kazi nzito huwa na mguu wa juu unaotembea pamoja na kazi, hata matabaka yote yaende kwa mwendo mmoja. Ikiwa kazi yako ni mishono mirefu ya maturubai, hiyo ndiyo ikufaayo. Asikudanganye mtu kwa kukuambia ya kuwa cherehani ya nguo, kwa kuwa ni ya chuma kizito, basi ni ya ngozi.

Mafundi viatu nao wanayo yao, na iliyo mashuhuri sana ni Singer 29K. Mkono wake ni mwembamba, hata huweza kuingia ndani ya kiatu. Na mguu wake huzungushwa pande zote, fundi akashona kuelekea atakako pasipo kugeuza kiatu. Huo mguu ndio uivutao ngozi kutoka juu. Ni mashine njema kwa viraka na mikoba, lakini haikufanywa kwa matandiko ya farasi wala kwa soli nene. Herufi K yatokana na Kilbowie, mahali pa kiwanda cha Singer katika mji wa Clydebank, Scotland. Kiwanda hicho kilifungwa mwaka 1980; basi kila iliyotoka huko imekwisha pita miaka 40. Uzee si kosa, maana chuma chake ni kizuri. Kosa ni kulika.

Jambo la pili, ijaribu mwenyewe. Chukua kutoka nyumbani ngozi yako, turubai lako na uzi wako. Usimwachie muuzaji kuchagua. Kwanza ondoa uzi, uzungushe gurudumu polepole kwa mkono, ukisikiliza. Chuma kikigonga chuma, au gurudumu likiwa zito mahali pamoja na jepesi mahali pengine, uliza sababu. Kisha lishike gurudumu lisiende, ukijaribu kutikisa meno yaliyo chini ya mkono wa mashine. Yakicheza sana, yamelika.

Halafu weka mshono mrefu kuliko yote, ushone, ukaupime. Katika 29K iliyochoka, mguu huvuta kidogo tu, na mshono hutoka mfupi hata ukiuongeza. Shona tabaka mbili, kisha tatu, kisha pita juu ya mahali palipokunjwa. Geuza kazi uitazame chini: nyuzi mbili zapasa kufungana katikati ya ngozi, isionekane mojawapo imelala wazi juu au chini. Tazama pia kile chombo kidogo mfano wa mtumbwi kichukuacho uzi wa chini, kama hakina kutu wala mikwaruzo. Tena chunguza mwili wote kama una ufa uliofichwa kwa rangi, kwa maana chuma cha kusubu kikipasuka ni vigumu kukiunga.

Jambo la tatu, uliza habari za sindano. Sindano za 29K si zile za cherehani ya nyumbani. Za nguo huitwa 29x3, na za ngozi, zenye ncha ya kukata, huitwa 29x4. Mashine isiyopatikana sindano zake ni pambo la nyumba. Kama ni ya umeme, angalia mwendo wake. Ngozi hutaka mwendo wa polepole, na mota iendayo mbio humshinda mwanafunzi. Mahali pasipo na umeme, kanyagio la miguu latosha kabisa.

Walimu, msimwache kijana kwenda peke yake. Mpeni fundi mzee wa kufuatana naye, nao mume na mke wapatane kwanza juu ya fedha ile.

Neno la mwisho ni kwa wauzaji, maana nao wamo kanisani mwetu. Yule wa mjini hakusema uongo kwa kinywa chake. Alichagua ngozi tu. Lakini mizani ya udanganyifu si ya dukani peke yake. Mkristo auzaye mashine mbovu na auonyeshe ubovu wake, apunguze bei, naye mnunuzi atajua atengeneze nini. Hivyo wote wawili watalala usingizi, na kazi ya mikono yetu itakuwa sifa kwa Bwana.