Presha ya macho: nani hasa anahitaji picha ya ubongo?

Mgonjwa anaweka kidevu kwenye kishikizo cha plastiki, anaegemeza paji la uso, kisha anaambiwa atulize macho kwenye alama ndogo inayowaka. Sekunde chache tu, kazi imekwisha. Kwenye kioo cha kompyuta zinatokea tabaka za nyuma ya jicho lake, zimepangana kama kurasa za kitabu kilichofungwa. Mashine hiyo ya OCT, iliyotangazwa mwaka 1991 na watafiti wa Marekani akiwemo James Fujimoto wa MIT, haitumii sindano wala eksirei. Inatumia mwanga.

Tatizo huanza pale orodha ya vipimo inaporefuka: OCT, CT scan, MRI ya kichwa. Familia inaanza kuchangishana. Je, vyote ni vya lazima?

Presha ya macho, au glakoma, hushambulia neva inayopeleka picha kutoka kwenye jicho hadi kwenye ubongo. Neva hiyo ina nyuzi zipatazo milioni moja, nazo hufa polepole bila maumivu, giza likianzia pembeni. Utafiti uliofanyika Kongwa, mkoani Dodoma, na kuchapishwa mwaka 2000 uliwakuta na glakoma watu 4 hivi katika kila 100 wenye miaka 40 na zaidi.

Msingi wa kuitambua ni vipimo vya kliniki. Daktari hupima shinikizo la ndani ya jicho, ambalo kwa kawaida huwa kati ya milimita 10 na 21 za zebaki. Namba hiyo peke yake haitoshi, maana wapo wanaoharibikiwa na neva ilhali presha yao ni ya kawaida. Kwa hiyo huchungulia pia kichwa cha neva, kuona kama kishimo chake cha katikati, wanachokiita kikombe, kimepanuka. Halafu hupima uwanja wa kuona: mgonjwa hubonyeza kitufe kila anapoona kinuru, na mashine huchora ramani ya sehemu asizoziona.

OCT huongeza kitu cha thamani juu ya hapo. Hupima unene wa tabaka la nyuzi kwa maikromita, na inaweza kuonyesha hasara mapema, kwani nyuzi nyingi hupotea kabla ramani ya kuona haijabadilika. Picha ya kwanza huwa kumbukumbu ya kulinganishia zinazofuata. Lakini mtu asiyeona mbali vizuri anaweza kutiwa alama nyekundu bila kuwa na ugonjwa, na glakoma ikishakomaa, tabaka huwa jembamba kiasi kwamba mashine haioni tena tofauti. Hapo ramani ya kuona ndiyo hutegemewa zaidi.

MRI ya ubongo ni habari nyingine. Wagonjwa wengi wa glakoma hawaihitaji. Mwaka 1998, David Greenfield na wenzake walichapisha uchunguzi wa wagonjwa wa glakoma yenye presha ya kawaida waliopigwa picha za kichwa: hakuna hata mmoja aliyekutwa na uvimbe unaobana njia ya kuona. Walipowalinganisha na watu wenye uvimbe huo, tofauti zilionekana hata kliniki.

Kwenye glakoma, ukingo wa neva uliobaki huwa bado na rangi ya waridi; ukiwa umepauka kuliko kikombe kinavyoeleza, daktari hushtuka. Giza la glakoma hujipinda kama upinde na kukomea kwenye mstari wa mlalo. Uvimbe wa tezi ya pituitari, unaobana mahali neva za macho mawili zinapokutana, hufuta nusu za nje za macho yote mawili, na mpaka wa giza husimama wima kama ukuta. Umri chini ya miaka 50, uoni wa katikati kufifia mapema, au hali kuporomoka kwa kasi huongeza shaka.

Mgonjwa aliyeandikiwa MRI ana haki ya kumuuliza daktari ameona nini ambacho glakoma haikielezi. Akijibiwa kwamba ni neva iliyopauka au ukuta ule wa wima, picha hiyo isisubiri mwezi ujao.