Sekstanti: Zawadi ya Baharia Isiwe Pambo la Ukutani

Katika tunu anazoweza kupewa mtu apendaye bahari, ni chache zenye heshima kama sekstanti, kile chombo cha kupimia kimo cha jua na nyota. Lakini mnunuzi asipojihadhari hughurika. Maduka ya vitu vya kale yamejaa sekstanti za shaba zilizong'arishwa zikawaka, na nyingi zimefanywa kwa pambo tu. Kumpa nahodha chombo cha namna hiyo ni kama kumpa seremala msumeno usio na meno.

Jina lenyewe maana yake ni sehemu ya sita ya duara. Ndiyo sudusi tuijuayo katika hesabu za mirathi. Upinde wake ni digrii 60, lakini kwa kuwa nuru hupigwa na vioo viwili, hupima hata digrii 120. Chombo kilichoitangulia alikionyesha John Hadley huko London mwaka 1731, na mwaka 1757 nahodha John Campbell akataka upinde wake uongezwe.

Wazee wa bahari hii hawakuwa wakingoja. Wao walikuwa na kamal: kibao kidogo chenye uzi wa mafundo. Nahodha aliuma uzi, akakiweka kibao ukingo wa chini uguse upeo wa bahari na wa juu uguse nyota, kisha akahesabu kwa vidole. Nyota yao kuu ilikuwa Jaa, ambayo ukivuka ikweta kuja Mombasa huwa imekwisha kuzama. Hapo walitazama nyota nyingine, na elimu hiyo Ahmad ibn Majid wa Julfar aliiandika katika karne ya 15. Basi ampaye mwanawe sekstanti hampi kitu kigeni.

Sasa, ichaguliwe vipi? Ulizia kwanza huyo baharia huenda wapi. Dakika moja ya digrii ni maili moja ya baharini, yaani mita 1,852. Chombo kinachokosea dakika 10 kitamweka maili 10 mbali na alipo, na usiku huo ndio umbali wa kutosha kupanda mwamba. Kwa anayejifunza, ya plastiki, kama zile za Davis, yatosha: ni nyepesi na bei yake nafuu. Lakini joto la jua huipinda, hivyo lazima ihakikishwe kila inapotumiwa. Kwa mwenye safari za bahari kuu, tafuta ya madini, kama zile za Cassens & Plath wa Ujerumani. Ya aluminiamu ni nyepesi mkononi; ya shaba ni nzito, ila zote hurithiwa.

Ikiwa imekwisha tumika, ishike. Gurudumu la kupimia lizunguke pasi na kukwama. Vioo visiwe na madoa meusi, wala meno ya upinde yasiwe yameliwa na chumvi. Iweke kwenye sifuri, utazame upeo wa bahari: mstari wa kweli na ule wa kiooni uwe mmoja. Hitilafu ndogo hurekebishwa. Upinde uliopinda hauna dawa. Vioo vyeusi vya kukinga jua visikosekane, maana bila hivyo jicho litaungua.

Tena usiitoe peke yake. Iandamane na saa ya kuaminika, kwani sekunde 4 zikikosewa ni maili moja katika ikweta, pamoja na Nautical Almanac ya mwaka huo, kitabu cha hesabu za jua na nyota.

Atakuja mtu aseme, siku hizi kuna setilaiti. Ni kweli, lakini betri hufa na mawimbi ya setilaiti huvurugwa. Chuo cha jeshi la maji la Marekani kilichokuwa kimeliacha somo la nyota kililirudisha mwaka 2015.

Na mazoezi hayahitaji jahazi. Asimame ufuoni palipo wazi kuelekea baharini, alifuate jua likipanda hata lifike kimo chake cha juu kabisa. Kimo hicho kitampa umbali wake kutoka ikweta. Na pale jua linapoanza kupinduka, aiweke sekstanti sandukuni, kwani wakati wa sala ya adhuhuri umekwisha kuingia.