Sanamu za Vita: Kutunza Shaba, Kutafuta Majina

Pale Barabara ya Samora inapokutana na Mtaa wa Azikiwe, katikati ya Dar es Salaam, askari wa bronzi amesimama tangu mwaka 1927, singe ya bunduki yake ikielekea bandarini. Kabla yake, mjini humo ilikuwepo sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani, ambayo Waingereza waliing'oa baada ya kuuteka mji mwaka 1916. Mombasa na Nairobi nako zipo sanamu kama hiyo, za kumbukumbu ya Vita vya Kwanza vya Dunia vya 1914 hadi 1918. Ile ya Nairobi, iliyozinduliwa mwaka 1928, ina watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi.

Bronzi ni shaba iliyochanganywa na bati. Ikikaa nje huvaa utando wa kahawia au kijani, na utando huo si uchafu. Ndio ngozi yake. Adui wa kweli ni chumvi ya bahari. Ikichanganyika na unyevu, huila shaba kutoka ndani na kuacha vidoa vya unga wa kijani kibichi ambavyo, visipotibiwa, hugeuka vishimo. Moshi wa magari na vinyesi vya ndege huongezea madhara. Tiba yenyewe haina makuu: maji safi, sabuni laini isiyo na magadi, brashi ya nywele laini, kisha sanamu ikishakauka hupakwa nta na kusuguliwa kwa kitambaa. Kazi hiyo hurudiwa takriban kila mwaka, kwa kuwa nta huisha. Kinachoharibu zaidi ni bidii isiyo na ujuzi. Brashi ya waya na asidi huvua ngozi ya miaka zaidi ya tisini kwa asubuhi moja, na rangi ya dhahabu inayopakwa kwa ajili ya sherehe hufungia unyevu ndani.

Kwenye kitako cha mawe kinachobeba sanamu, tatizo kubwa ni saruji. Mawe ya matumbawe na chokaa yanahitaji kupumua. Fundi akiziba nyufa kwa saruji, maji hukosa njia ya kutokea, na jiwe humeguka pembeni mwa kiraka. Ndiyo maana viungo hujazwa chokaa. Vyuma vilivyofichwa ndani ya jiwe navyo vikipata kutu huvimba na kulipasua, kwa hiyo hutolewa na kubadilishwa kwa vyuma visivyoshika kutu. Hakuna kinachoguswa kabla ya kupigwa picha na kupimwa.

Ulinzi wa kisheria una pengo. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Kumbukumbu za karne ya ishirini hazina budi kutangazwa rasmi. Kumbukumbu ambayo haijatangazwa hubaki mikononi mwa halmashauri, na kibao chake cha shaba kinaweza kuishia kwenye mzani wa mnunuzi wa vyuma chakavu.

Lakini hata sanamu iliyotunzwa vizuri kabisa ina upungufu ambao nta haiuzibi: majina ya waliokufa. Makumi ya maelfu ya wapagazi wa vita hivyo walikufa kwa njaa, maradhi na mizigo, na Tume ya Makaburi ya Vita ya Uingereza, iliyoundwa mwaka 1917, iliamua kuwakumbuka kwa pamoja, bila majina. Ripoti iliyotolewa na tume hiyo mwaka 2021 ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, hawakutajwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walitoka Afrika Mashariki na Misri. Tume iliomba radhi na kuanza kuyasaka majina katika daftari za kijeshi, ambako makarani waliyaandika walivyoyasikia, bila kufuata tahajia moja. Mwaka 2025 ilizindua Cape Town kumbukumbu ya watu 1,772 wa vikosi vya kazi wa Afrika Kusini, kila jina kwenye nguzo yake ya mvule.

Hapa Afrika Mashariki majina yanayopatikana yanazua swali la kiufundi: yawekwe wapi? Kuyachonga juu ya maandishi ya 1927 ni kufuta ushahidi wa namna wapagazi walivyothaminiwa wakati ule. Njia inayokubalika kwa wahifadhi ni kuweka kibao kipya pembeni, chenye tarehe yake, na kuyaacha maandishi ya zamani yasomeke kama yalivyo, katika Kiingereza na Kiswahili cha hati mbili, ya Kilatini na ya Kiarabu.